Neti ya Jana Usiku

Siku moja kwenye mteremko wa kilima huko Nyamira nilimsikiliza binti mmoja, mwanafunzi wa uzamili, akiuliza swali lile lile katika maboma tisa, na hakuna boma alikolifupisha. Alianza na mtoto mdogo kuliko wote wa nyumba hiyo. Alilala wapi jana? Na nani? Hapo alipolala palikuwa pametundikwa neti? Na yeye mwenyewe alilala ndani ya neti hiyo? Kisha mtoto anayefuata, kisha anayefuata, mpaka watoto wakaisha.

Mwenye haraka angeuliza, "Mna neti?" akaandika ndiyo, akaenda zake. Wala asingedanganywa: neti ipo. Ipo juu ya kabati ndani ya mfuko wake, inangoja wageni. Ipo shambani, imefunika miche ya sukuma wiki isidonolewe na kuku. Ipo kitandani kwa mwenye nyumba, maana ndiye aliyetoa hela. Ndiyo hiyo ingesafiri mpaka Nairobi, ikajumlishwa na ndiyo nyingine, na mtoto aliyelala kwenye mkeka jikoni angehesabiwa kuwa amekingwa.

Nimewahi kukaa siku nzima Tabaka nikiwatazama wachongaji wa mawe ya Kisii, na kilichonishika huko si vinyago vilivyomalizika bali namna fundi anavyololowesha jiwe kabla ya kulitia kisu. Kazi ya binti huyu haina jiwe wala msasa. Somo lake chuoni ni afya ya umma, na ndani ya somo hilo amechagua kona ya usawa: nani anafikiwa na huduma, nani anarukwa, na kwa nini. Lakini nilipomtazama akingoja jibu nilimkumbuka yule mchongaji na ndoo yake ya maji.

Kufika mlangoni tu kulimgharimu karibu mwaka wa karatasi. Pendekezo la utafiti, kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), barua ya kaunti, chifu, naibu wa chifu, halafu mzee wa kijiji, ambaye hana mhuri lakini bila yeye mbwa hawafungwi. Nitayapita hayo upesi kwa sababu kila mwanafunzi wa Kenya anayajua na hakuna anayetaka kukumbushwa.

Cha kutazamwa ni anavyokaa. Hakai mkabala na mama anayemhoji. Anasogeza kigoda pembeni, wote wawili wakatazama upande mmoja, migomba na njia inayopanda. Nilidhani anakwepa jua. Baadaye alinieleza kwamba kukodoleana macho na mtu mzima usiyemjua, hasa aliyekuzidi umri, hakupendezi kwa Wagusii. Ukitaka mtu aseme, mwondolee macho yako. Mwanaanthropolojia Mmarekani Robert LeVine, aliyeanza kukaa na Wagusii katikati ya miaka ya 1950 na kuandika vitabu kadhaa juu ya malezi yao, aliliona jambo hilo na kuliandika kwa kirefu. Binti huyu hakulisoma kwanza kwa LeVine. Alilipata kwa bibi yake, kisha akalikuta kitabuni, akacheka.

Halafu ridhaa. Fomu ina kurasa mbili, na wahoji wengi huisoma kama mtu anayepiga mbio kumaliza sala. Yeye anasoma sentensi, anatua. Katika boma la nne mama mmoja alimkatiza: "Nikikataa, mtanitoa kwenye orodha ya neti?" Binti akaweka kalamu chini, chini kabisa, juu ya nyasi, ndipo akajibu kwamba hapana, yeye hana orodha ya neti, hana neti, na akikataa wataagana vizuri. Mama akafikiri. Akakubali. Nina hakika ni ile kalamu iliyowekwa chini iliyomkubalisha.

Kosa la siku hiyo nililifanya mimi. Mimi ni mtu wa Pwani, na nilikuwa nimeombwa nisaidie kubisha hodi tu. Akatoka mtoto wa miaka minne hivi, nikamuuliza, "Baba yuko?" Akakimbia ndani, akarudi na mama yake, mikono ikiwa na unga. Nikaomba radhi, nikamwambia mtoto, la, nimesema baba. Mtoto akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akamshika gauni kunionyesha: si huyu hapa! Mama alicheka mpaka akakaa. Kwa Ekegusii baba ndiye mama. Baba wa Kiswahili ni tata. Mtoto hakukosea, nilimletea neno, akaniletea mtu wake.

Tukiwa njiani binti akanieleza kwa nini hakucheka sana. Dodoso lina swali juu ya elimu ya baba wa mtoto. Lingetafsiriwa na mtu wa haraka, au mhoji mgeni angelisoma kwa Kiswahili mbele ya bibi asiyekwenda shule, lingejibiwa vizuri kabisa, kwa hesabu ya madarasa ya mama. Hakuna kompyuta ambayo ingeshtuka. Kwa hiyo dodoso hutafsiriwa na mtu mmoja kutoka Kiingereza kwenda Ekegusii, kisha mwingine ambaye hajaiona asili hulirudisha katika Kiingereza, na watu wa tatu hukaa na karatasi mbili wakitafuta zilipoachana. Kazi hiyo huchukua majuma, na katika tasnifu iliyokamilika hupewa mstari mmoja.

Neno lililowapa taabu kuliko yote, aliniambia, ni kaya. Katika boma la Kigusii la zamani kila mke ana enyomba yake, nyumba na ukoo mdogo kwa pamoja, na hata leo mwana aliyeoa hujenga hatua ishirini kutoka kwa mama yake. Hao ni kaya moja au tatu? Wanagawana kisima na ng'ombe lakini kila mke ana moto wake. Kanuni ya wahesabu watu inasaidia kiasi: wanaopikiwa pamoja na kumtaja mkuu mmoja. Basi anauliza habari za chungu, jana usiku mlipika wapi, na nani alikula kwenu. Na mtoto wa nyumba aliyelala kwingine hafutwi. Anafuatwa huko huko alikolala, ikiwa panafikika kwa miguu.

Kisha mali. Hapa ndipo ufundi unapokuwa mwembamba, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Usawa hauonekani mpaka umejua nani maskini kuliko nani, na mtu haulizwi shilingi. Akiulizwa, atapunguza akidhani kuna msaada, au ataongeza akiona haya. Kwa hiyo huhesabiwa vitu: paa, sakafu, choo, redio, baiskeli, ng'ombe. Namna ya kuvipa vitu hivyo uzito kwa hesabu na kuvifanya fahirisi moja ilipata umaarufu kwa makala ya Filmer na Pritchett ya mwaka 2001, waliyoijenga kwa data za India. Siri yake ni kwamba kitu kisichotenganisha watu hakipewi uzito. Kwenye kijiji ambacho kila paa ni bati, bati halisemi neno. Baiskeli inaweza kusema jambo kwenye tambarare za Bondo karibu na ziwa. Chini ya ukingo wa Manga utaisukuma kupanda na utaishikilia kuteremka. Kinachosema huku ni sakafu, udongo uliosiribwa kwa samadi au saruji, na ng'ombe wa gredi, na safu za majani chai.

Haya yote binti anayaona kabla hajauliza. Anaingia, anatazama chini kidogo, anakaa. Lakini bado anauliza, na anaandika alichojibiwa. Nilimwuliza kwa nini, ilhali sakafu ameikanyaga. "Nikianza kujaza yale ninayoyaona mwenyewe," akasema, "kufika nyumba ya thelathini nitakuwa nimeshaacha kuuliza."

Njia anayopita ilichongwa na mtu mwingine, na kwa sehemu ilichongwa hapa hapa Gusii. Mji wa Kisii uko kwenye mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na kwa muda mrefu malaria ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wa chini, wa ziwani. Ikipanda mlima huwa kali zaidi, kwa sababu hukuta miili isiyoizoea, na huangusha wakubwa pamoja na watoto. Mwaka 2002 ilipanda hivyo, Kisii ya Kati na Gucha zikaguswa. Miaka ile ile, katika mradi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust ya Uingereza, jijini Nairobi, mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Abdisalan Mohamed Noor alikuwa akifanya kazi na mtafiti wa malaria Robert Snow na wenzake juu ya swali lililoonekana la kuchosha: vituo vya afya viko wapi, na watu wako umbali gani navyo? Fani yake ilikuwa jiografia, hakuwa daktari wa wagonjwa. Wilaya za kazi zilikuwa nne: Kisii kubwa yenye vilima, Bondo ya ziwani, Kwale ya Pwani na Makueni kavu. Makala yake ya mwaka 2003 tayari ilibeba neno usawa kwenye kichwa chake, na tasnifu aliyoitetea Open University ya Uingereza mwaka 2005 ilihusu kujenga mifano ya ramani ya kufikia na kutumia huduma, ili usawa wa afya Kenya upate kupimika.

Ukitaka kuona uzuri wa kazi hiyo, simama ukingoni mwa bonde lolote linalomwaga maji yake katika mto Gucha. Ng'ambo unaiona zahanati. Unaona rangi ya ukuta, unaona akina mama barazani. Ramani iliyopigwa kwa rula itakuambia ni kilomita mbili. Mwulize mwenyeji, atakuambia ni hapo tu. Kisha teremka mpaka mtoni, tafuta daraja, panda, na mtoto mgongoni ana homa, na jana ilinyesha. Lengo la serikali lilikuwa watu wawe ndani ya kilomita 5, au mwendo wa saa moja. Noor na wenzake walichukua majibu ya watu wenyewe juu ya kituo walichokwenda kweli walipopatwa na homa, wakayatumia kuijaribu mistari mbalimbali: ule wa rula, na ule unaofuata barabara na vijia. Walipoitandaza hesabu nchi nzima, katika makala ya mwaka 2006, mstari wa rula ulisema asilimia 82 ya Wakenya wako karibu na huduma za serikali. Mstari wa njia ulisema 63. Tofauti hiyo ya asilimia 19, kwa nchi ya watu thelathini na kitu milioni siku hizo, ni kama watu milioni 6 waliokuwa karibu na zahanati kwenye karatasi peke yake.

Hakuna aliyekuwa amesema uongo. Walitumia rula tu.

Halafu zikaja neti, na hapa sina budi kupunguza mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 neti yenye dawa Kenya ilikuwa bidhaa ya dukani, iliyopunguzwa bei, lakini ya kununua. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2004 ziliuzwa katika kliniki za akina mama na watoto kwa shilingi 50. Mwaka 2006, mwezi wa Julai na Septemba, neti zipatazo milioni 3.4 ziligawiwa bure, kwa sehemu pamoja na kampeni ya chanjo ya surua. Kulikuwa na ubishi mkali, na si wa Kenya peke yake. Wapo walioshikilia kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, kwamba watu watavulia samaki, kwamba soko litakufa. Walikuwa watu wenye akili na wenye hoja. Walichokosa ni mtu wa kwenda kuuliza nani alilala wapi.

Timu ya Noor ilikuwa tayari kwenye vijiji vya wilaya zile nne, ikiwafuata watoto zaidi ya 3,000 walio chini ya miaka mitano, na ilirudi kwenye nyumba hizo hizo kila mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka 2004, watoto waliolala ndani ya neti yenye dawa walikuwa asilimia 7. Katika fungu la maskini kabisa walikuwa 2.9, katika fungu la juu, 15.6. (Fungu hilo la juu watafiti hawakuthubutu kuliita la matajiri. Waliliita la wenye umaskini mdogo zaidi, na kwa heshima hiyo ndogo ya lugha ningewapa chai.) Zilipokuja neti za shilingi 50 kliniki, jumla ilipanda mpaka 23.5, na pengo bado lilikuwepo. Baada ya ugawaji wa bure jumla ilikuwa 67.3. Maskini kabisa, 66.3. Wenye afadhali, 66.6.

Nimezitazama tarakimu hizo mbili za mwisho mara nyingi. Sehemu tatu za kumi ya asilimia moja. Mtu anaweza kuandika mashairi mengi juu ya haki asifike hapo. Na utafiti mwenzake uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2007, wenye jina la Greg Fegan mbele, ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto hao, vifo vya waliolala ndani ya neti yenye dawa vilikuwa pungufu kwa asilimia 44 kuliko vya wasiolala ndani yake. Mwezi wa Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: neti zigawiwe bure au kwa bei iliyopunguzwa sana, na kwa watu wote wa maeneo ya malaria badala ya watoto na wajawazito peke yao. Data za Kenya zilitajwa kuwa sababu. Noor mwenyewe baadaye alikwenda Geneva kuongoza kitengo cha takwimu katika programu ya malaria ya shirika hilo.

Sitaki kumpamba binti wa Nyamira kwa manyoya ya Noor. Uwezekano mkubwa tasnifu yake itasomwa na wasimamizi wawili na mtahini mmoja, kisha ipande kwenye rafu. Na pengo lenyewe halikai mahali pamoja. Likizibwa kwenye neti huibuka kwenye mahali pa kujifungulia, au kwenye dawa ya presha. Kaunti ya Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, karibu 960 kwa kila kilomita ya mraba, na Nyamira 605,576. Penye watu wengi hivyo wastani wa kaunti ni blanketi linalofunika miguu mingi isiyofanana. Ninachosema ni kwamba swali analouliza ni lile lile lililobadilisha mwongozo ule, na analiuliza kwa uangalifu ule ule bila mtu kumtazama.

Saa saba tulikuwa na maboma manane yaliyokamilika na moja lenye kufuli. Tulikuwa tumekwisha kufika hapo asubuhi, na yeye juzi pia. Jirani alituita kutoka kwenye ua wake. Ana watoto watatu wadogo, ana nafasi, chai iko mezani, kwa nini asihojiwe yeye? Nilimwangalia binti kwa macho ya kumwomba akubali, maana viatu vyangu vilikuwa vimejaa maji. Alimshukuru jirani, akanywa chai, akakataa. Nyumba iliyochaguliwa kwa bahati nasibu haibadilishwi na nyumba iliyo tayari. Fikiria, alinieleza tukiteremka, ni mama gani hayuko nyumbani siku ya kazi saa nne asubuhi. Ni anayechuma chai kwenye shamba la mtu. Ni anayepalilia kwa kibarua. Ukiwaacha hao kwa sababu hawapo, umewaondoa walio kwenye fungu la chini wote kwa mara moja, na matokeo yako yatatoka mazuri sana.

Tulimngoja mama wa boma lile la kufuli kwenye kituo cha kununulia majani chai. Akina mama walikuwa kwenye foleni, vikapu mgongoni, karani akitundika magunia kwenye mizani na kutaja kilo kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mzee wa kijiji alitunong'oneza ni yupi. Binti hakumwendea. Alimwacha apimiwe, apokee risiti yake, aikunje mara nne na kuifunga kwenye ncha ya leso. Ndipo akasogea, akasimama kando yake, si mbele yake.

"Bwakire, baba."

Mama akamtazama, akatutazama viatu. "Ni nyinyi mliokuja juzi?"

"Ni sisi."

Waliketi kwenye ukingo wa saruji wa kituo. Fomu ilisomwa yote, na vituo vyake vyote, magunia yakipandishwa kwenye lori nyuma yao. Mama akatia sahihi kwa dole. Binti akafungua ukurasa wa watoto, akaanza na mdogo kuliko wote: alilala wapi jana?

"Huyo jana alilala kwa nyanya yake."

"Kwa nyanya yake ni wapi?"

Mama akanyoosha kidevu ng'ambo ya bonde, kwenye moshi mdogo juu ya kilima cha pili. "Ni hapo tu," akasema.

Binti akaandika jambo ukingoni mwa karatasi, akauliza habari za mtoto wa pili, kisha wa tatu. Alipomaliza alitazama saa, akainama, akafunga upya kamba za viatu.